Dawa imeingia au imebaki nje?

Umeuliza watafiti wanajuaje kama antibiotiki imeingia kweli ndani ya bakteria sugu. Njia iliyozoeleka ni kuchanganya bakteria na dawa kwa dakika chache, kuwatenganisha haraka kwa sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi) ili dawa ya nje iondoke, kisha kuwapasua na kupima kilichomo kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachotambua molekuli kwa uzito wake. Ugumu uko kwenye kuosha: ukichelewa dawa inavuja, ukiharakisha nyingine inabaki imenata kwenye utando unaofunika bakteria. Na namba unayopata ni wastani wa mamilioni ya seli, haikuambii dawa imekaa wapi.

Kwenye picha za hadubini kuna nafuu. Dawa za kundi la fluorokwinoloni, mfano siprofloksasini, hung'aa zenyewe zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, kwa hiyo hazihitaji kubandikwa rangi. (Molekuli ndogo hivyo ukiibandika rangi, unapima kitu kingine kabisa.) Sinkrotroni (mtambo unaotoa mwanga mkali sana) ya SOLEIL, Ufaransa, imetumika kupiga picha za aina hii kwenye seli mojamoja.

Ila kuingia ni nusu tu ya habari. E. coli, bakteria wa utumboni, ina pampu ya protini iitwayo AcrAB-TolC inayotema dawa nje, ndiyo maana vipimo hufanywa pampu ikiwa hai na ikiwa imezimwa. Dawa ikijaa baada ya kuzimwa, mkosaji ni pampu. Isipojaa, mimi ningechunguza vitundu vya protini vya utando wa nje, ambavyo dawa hupitia kuingia. Huenda vimepungua au vimebadilika umbo.