Re: Sindano ya kichaa pekee inatosha kwa mtoto wa mbwa?

Mkuu, umeuliza kama mtoto wa mbwa wa wiki 7 anatoshwa na sindano ya kichaa, na kama dawa ya kupe ya ng'ombe unaweza kumpaka paka.

Haitoshi. Tena kichaa bado mapema, kwa kawaida huchanjwa akifika miezi 3. Sasa hivi anahitaji chanjo ya mchanganyiko, ile ya kukinga parvo na distempa (magonjwa hatari ya virusi kwa mbwa), irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huweza kuizima chanjo ya mapema, ndiyo maana inarudiwa. Kabla hajamaliza usimzurulishe mtaani: kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Ukiona anatapika na kuharisha damu, usingoje kesho. Dawa ya minyoo mpe kila wiki 2 hadi miezi 3, kwa uzito wake, si kwa kukadiria.

Paka usimguse na hiyo dawa! Nyingi zina sipamethrini, sumu ya kuua kupe, na ini la paka haliiwezi. Atatetemeka hadi degedege. Paka naye achanjwe kichaa cha mbwa. Karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo hiyo hutolewa bure sehemu nyingi, ulizia kwa afisa mifugo wenu.