Usiandike "uzembe" kabla hujashuka ngazi mwenyewe

Nilipoanza kazi ya afisa usalama, ripoti zangu karibu zote ziliishia neno moja: uzembe. Mtu anapewa barua ya onyo, faili linafungwa. Kijana wa stoo alipoanguka ngazini na boksi akavunjika mkono, nilishaandika "hakuwa makini", bado kusaini tu.

Dada wa usafi alikuwa akipiga deki pale chini. Akaniambia, "Kaka, hapo mbona wote tunajikwaa? Mimi mwenyewe mara mbili."

Nikaazima futi kwa fundi. Kila kipandio kilikuwa na kimo cha sentimita 17, ila cha mwisho 20. Ngazi ziliwekwa vigae, sakafu ya chini ikaachwa na saruji yake ya zamani. Sentimita tatu jicho halizioni, lakini mguu ukishashuka vipandio viwili vitatu unakikariri kimo. Ukikosa sakafu pale ulipoitegemea, mwili umeshatangulia mbele. Kesho yake saa kumi na mbili jioni, saa ileile aliyoanguka, nikashuka na boksi kama lake. Miguu yangu sikuiona, na globu ya pale ilikuwa imeungua. Nikapepesuka, na hapo nilikuwa najua!

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 za Marekani walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu badala ya flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Lawama zikawa zao, mpaka mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipotazama swichi zenyewe: mbili zinafanana, zimekaa jirani. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo tofauti, ya magurudumu ikapewa kigurudumu cha mpira, ili mkono utambue bila macho.

Kwa hiyo nenda eneo la tukio saa ileile, na mzigo uleule, kabla hawajasafisha. Ulizia walionusurika hapo, si aliyeumia peke yake. Na majeruhi usimuulize "kwa nini hukuangalia?", atajitetea tu. Muulize alikuwa anaangalia nini. Barabarani, kabla hujamlaumu dereva, piga hesabu kwanza: gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, na dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki, mita 20 zimeshapita.

Ile ripoti niliichana. Fundi aliinua sakafu kwa siku moja. Globu ilichukua wiki tatu, maana ilibidi ipitie manunuzi.