Mtoto ananyamaza kila nikimuuliza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina stashahada ya ustawi wa jamii na huu ni mwezi wangu wa nane katika kituo kinachohudumia watoto na familia zao. Darasani nilifaulu vizuri, lakini nikikaa na mtoto hunijibu "ndiyo", "hapana", "sijui", basi. Juzi mama mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe hujazaa, utanifundisha nini?" Nilikosa la kusema. Nafikiria kuomba ruhusa nikasome kozi nyingine, ya ushauri nasaha. Nitakuwa nimefanya vyema?
Msomaji, miaka 26

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kozi isubiri kwanza. Kwa ulivyoandika, naona unakosa mtu wa kukutazama ukiwa kazini na kukwambia alichoona.

Nikusimulie langu. Katika mwaka wangu wa pili nililetewa mtoto wa kiume wa miaka sita, mkononi ana alama za kupigwa. Nilimuuliza, "Baba ndiye aliyekupiga, sivyo?" Akaitikia kwa kichwa. Nikaandika kwenye faili: mtoto anasema amepigwa na baba yake. Siku tatu baadaye, mwenzangu aliyenitangulia kazini aliketi naye mkekani, akamwambia, "Hebu nisimulie kuhusu mkono wako." Mtoto kimya. Mwenzangu naye kimya, anachorachora tu pembeni yake. Kimya kile kilinichosha mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. Kisha mtoto akamtaja binamu yake mkubwa, waliyekuwa wakilala chumba kimoja. Siku zote tatu tulikuwa tunamshuku asiyehusika, na usiku mtoto anarudi chumba kilekile. Nikikumbuka hadi leo naumia.

Mtoto mdogo hupenda kumridhisha mkubwa. Ukimwekea jibu mdomoni atalipokea. Kwa hiyo anza na "nisimulie", endelea na "halafu ikawaje?", na "kwa nini" iweke mbali, maana masikioni mwa mtoto inasikika kama analaumiwa. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Na kijana wa miaka 15 usimkazie macho kwenye kiti cha mbele yako. Wengi hufunguka mnapotembea pamoja au mikono yenu ikiwa na kazi.

Zoezi lenyewe ni hili. Chagua mazungumzo mamoja kila wiki, na mara tu yanapokwisha yaandike neno kwa neno kadiri unavyokumbuka: kushoto aliyosema mtoto na uliyosema wewe, kulia ulichokuwa ukihisi wakati huo. Jina la mtoto usiliweke, wala karatasi isitoke kituoni. Mpelekee msimamizi wako. Kama huwa mnakutana panapotokea dharura tu, mwombe saa moja kila baada ya wiki mbili, na umwombe kwa maandishi. Piga mstari chini ya kila swali lako linalojibika kwa "ndiyo" au "hapana". Mimi mara ya kwanza nilikuta kumi na saba katika ukurasa mmoja na nusu.

Jambo moja nakusihi sana: usimwahidi mtoto siri. Atakuuliza, "Hutamwambia mtu?" Mwambie mapema, kabla hajafungua moyo: "Ukinieleza kwamba kuna anayekuumiza, itabidi niwaambie watu wa kukulinda, na nitakujulisha wewe kwanza ni akina nani." Wapo watakaonyamaza siku hiyo. Wengi hurudi.

Ukiandika ripoti, maneno ya mtoto yaache kama alivyoyatamka. "Mama hajali" ni hukumu yako. "Saa nne asubuhi mtoto alisema hajala; mama alisema amekesha na mgonjwa" ndiyo habari, na inakuonyesha pa kusaidia. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto awezaye kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Basi mkishaamua, rudi kwake umweleze maoni yake yalifikia wapi, hata kama hayakufuatwa. Wengi wetu hapa ndipo tunapowapotezea watoto imani.

Sasa yule mama. Usimchukie. Huenda kila ofisi aliyoingia aliambiwa anachokosea. Mjibu kwa upole, "Kweli mama, sijazaa, na mwanao unamjua wewe. Akiwa na siku njema huwa anafanya nini?" Ukienda nyumbani kwake, piga hodi, subiri uonyeshwe pa kukaa, na sentensi yako ya kwanza iwe ya kusema kilichokuleta. Kalamu usiitoe kabla ya kumwomba ruhusa ya kuandika. Mzazi anayekaguliwa hujificha. Anayeulizwa anachokijua huanza kueleza.

Baada ya miezi sita zipange karatasi zako zote mezani. Kosa linalojirudia ndilo litakalokuchagulia kozi: labda vijana, labda watoto wenye ulemavu, labda usuluhishi wa wazazi waliotengana. Ukishakaa na msimamizi wako mara tatu, niandikie tena, unieleze mtoto alisema nini ulipofika kumi.