Kabla hujachora mfupa wa samaki ukutani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usimamizi kiwandani, najua siku ya kwanza mtakabidhiwa kabrasha la kaizen, yaani ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, na ukutani mtakuta zile S tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilichelewa sana kujua kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita utaratibu wa Kijapani, Wajapani wenyewe walikichukua kwa watu, na kwamba namna walivyokichukua ina faida kuliko kabrasha lenyewe.

Anzieni mwaka 1950. Toyota ilikuwa hoi: madeni ya benki, mgomo wa wafanyakazi, watu zaidi ya 1,500 wamepoteza kazi, na mwasisi Kiichiro Toyoda amejiuzulu. Katikati ya msiba huo binamu yake, Eiji Toyoda, akaenda Marekani kutazama kiwanda cha Ford cha River Rouge, kilichokuwa kikitoa magari kwa maelfu kila siku. Mimi ningerudi nikiota kujenga kingine kama kile. Yeye hakuwa na fedha hizo, na soko la kwao lilitaka magari ya aina nyingi, kila aina kidogo kidogo. Kimojawapo cha vitu alivyorudi navyo kilikuwa cha kawaida kabisa: utaratibu wa Ford wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi kwa maandishi. Mwaka 1951 Toyota ikaanzisha wa kwake.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, ndiye anayenifurahisha zaidi. Wazo lake kubwa hakulitoa kwenye kiwanda cha magari, alilitoa supamaketi. Mteja wa supamaketi ya Marekani huchukua anachokihitaji kwa kiasi anachokihitaji, na mwenye duka hujaza rafu pale tu palipopungua. Ohno akamgeuza fundi wa hatua ya mbele kuwa mteja wa fundi aliye nyuma yake: usitengeneze mpaka mwenzako achukue. Kadi inayotembea kati yao ndiyo kanban, neno ambalo kwa Kijapani ni kibao tu, kama kile cha juu ya mlango wa duka. Na supamaketi zenyewe alikuwa amezisikia kwa watu. Alipofika Marekani mwaka 1956 akaziona kwa macho, karakana yake ilikuwa imekwisha kuanza kufanya kazi hivyo.

Msidhani kila walichochukua kilikubali mara moja. Mwaka huo huo wa 1950, Muungano wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ulimwalika Deming, mtakwimu wa Kimarekani, afundishe udhibiti wa ubora kwa takwimu. Chati alizofundisha, za kuonyesha kama kazi inatoka kwa kiwango chake au imeanza kuharibika, zilibuniwa mwaka 1924 na Shewhart, Mmarekani ambaye baadaye alifanya kazi kwenye maabara za Bell. Wajapani walizipenda mno, hadi mwaka 1951 wakaanzisha Tuzo ya Deming. Lakini zikawa mzigo. Wahandisi walijaza chati, mafundi hawakuzielewa, na wakubwa waliona ni mambo ya wataalamu. Juran, Mmarekani mwingine mtaalamu wa ubora, alipokuja mwaka 1954 akasisitiza kwamba ubora ni kazi ya uongozi mzima, si ya idara moja. Kisha Mjapani Kaoru Ishikawa, aliyebuni ule mchoro wa mfupa wa samaki wa kutafuta vyanzo vya tatizo, akahimiza zana ziwe rahisi kiasi cha msimamizi wa zamu kuzitumia na watu wake. Vikundi vya ubora, yaani mafundi wanaokutana kutatua kasoro za kazi yao wenyewe, vilianza mwaka 1962. Yaani miaka 12 tangu mihadhara ya Deming! Sisi hupewa semina ya siku tatu, na Jumatatu bosi anauliza matokeo.

Sasa aibu yangu. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilitengeneza ndoo na madumu. Tulibandika kadi kila kona, tukapunguza na akiba ya punje za plastiki stoo, kwa kuwa kabrasha lilisema akiba ni hasara. Punje zile zilikuja kwa meli. Meli ikachelewa, mashine zikasimama, vibarua wakarudishwa nyumbani, na kadi zikabaki zinaning'inia kama mapambo ya harusi iliyoahirishwa. Hakuna aliyekuwa amejiuliza kwa nini Ohno aliweza: wengi waliomletea vipuri walikuwa jirani, kwenye mji ule ule au karibu nao, mji ambao mwaka 1959 ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota. Sisi jirani yetu alikuwa bahari.

Baadaye tuliziacha kadi kati ya mashine na ufungaji tu, mahali ambapo madumu yalikuwa yakirundikana hadi njia haipitiki. Hapo zilifaa kweli. Punje tukarudisha akiba ya miezi miwili, na mkaguzi alipokuja akanung'unika tukamwonyesha ratiba ya meli.

Kwa hiyo mkiletewa zana yoyote, ulizeni ilikuwa dawa ya ugonjwa gani, na kama ugonjwa huo mnao. Jibu haliko ofisini. Ohno anakumbukwa kwa kuchora duara la chaki sakafuni na kumsimamisha mhandisi ndani yake kwa saa nyingi, atazame kazi tu. Wiki ya kwanza fanyeni hivyo, karibu na ile mashine ambayo kila zamu inailalamikia. Chaki mtazipata kwa mtunza stoo.