Karani kaondoka na namba za wateja

Swali: Nauza jumla Kikuubo, Kampala. Karani kaacha kazi, kaondoka na simu yake yenye namba na madeni ya wateja wote. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Leo leo pitia meseji za malipo kwenye simu yako, uwapigie wateja mmoja mmoja. Halafu nunua laini ya duka, jina lako, akiondoka mtu inabaki. Kila jioni madeni yaingie kompyuta, jina, mzigo, tarehe, kiasi, maana ukiona sukari inakopwa sana mwisho wa mwezi ndo unajua uagize lini, hapo taarifa inageuka hela. Mpakia mizigo asione madeni, hayamhusu, na sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda data inakutaka utunze taarifa za watu salama.