Wananakili vizuri, wakiambiwa watunge wanakwama: nini cha kubadilisha

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wako wa miaka 8 hadi 10 wananakili mchezo wa Scratch (programu ambayo watoto huitumia kujifunza kutunga programu kwa kuunganisha bloku za maagizo) kutoka ubaoni bila shida, lakini ukiwaambia watengeneze wa kwao wanakwama kwenye bloku ya pili. Wamezoea kupanga bloku, kuzisoma bado. Kabla mtoto hajabonyeza bendera ya kijani inayoanzisha programu, mwulize kuhusu paka, mhusika wa Scratch kwenye skrini: "Paka atafanya nini?" Aandike au achore jibu lake, ndipo abonyeze. Akikosa, msirekebishe chochote mpaka aonyeshe ni bloku gani iliyomdanganya.

Tabia hiyo ijengwe kabla ya kugusa kompyuta. Chora sakafuni kwa chaki miraba 5 kwa 5, weka vizuizi 3 na mahali pa kufika. Mtoto mmoja awe roboti, mwingine aandike maagizo yote kwenye karatasi kwanza, naye ana matatu tu: mbele mraba 1, geuka kulia, geuka kushoto. Roboti akiambiwa "geuka kulia" hugeuka na kupiga hatua papo hapo. Mkatalie, maana kwenye Scratch kugeuka na kwenda ni bloku mbili tofauti. Mwandishi naye akisimama ana kwa ana na roboti huchanganya kulia kwake na kulia kwa mwenzake, kwa hiyo asimame nyuma yake. Na roboti asisaidie kwa akili zake: agizo likimpeleka kwenye kizuizi, akigonge.

Zoezi la kwanza kwenye kompyuta liwe kuchora mraba. Ongeza kiendelezi cha kalamu, yaani bloku za ziada za kuchora (kitufe kiko chini kushoto), kisha panga hivi chini ya bendera: inua kalamu, futa vyote, nenda x 0 y 0 (katikati), elekea 90 (kulia), shusha kalamu, rudia mara 4: nenda hatua 100, geuka digrii 90, subiri sekunde 1. Mpangilio huo una maana. Ukisahau kuinua kalamu, paka anaporudi katikati kutoka mahali pengine huburuta mstari usiotakiwa. Ukiacha "elekea 90", mchoro unaofuata unaweza kuanza ukiwa umeinama, kwa sababu paka ambaye hakumaliza mzunguko mzima hubaki alivyogeuka mara ya mwisho. Wengi huona kusubiri sekunde 1 ni upotevu wa muda. Bila hiyo mraba unatokea wote kwa mpigo na mtoto hawezi kufuata bloku ipi imefanya nini.

Halafu waambie wabadilishe wapate pembetatu. Karibu wote wataweka kurudia mara 3 na digrii 60, kwa kuwa hesabu imewafundisha kwamba pembe za pembetatu yenye pande sawa ni 60. Itatokea nusu ya umbo la pande 6. Usiwape jibu. Waambie mmoja atembee pembetatu sakafuni na ahisi mwili unavyozunguka kwenye kona: unageuka 120. Akizunguka umbo zima amegeuka 360, basi 360 gawanya kwa idadi ya pande. Wakifika hapo, wape pande 5 na 8 uone.

Kwenye michezo, hitilafu ni zilezile kila darasa. Chukua mchezo wa kudaka tufaha kwa bakuli. Alama zinaruka kutoka 0 hadi 7 kwa tufaha moja: sharti la "ikiwa limegusa bakuli" liko ndani ya kurudia bila kikomo, linakaguliwa mara nyingi kwa sekunde, na tufaha bado limegusa. Mara baada ya kuongeza 1, lirushe juu, y 170 na x ya bahati nasibu kati ya -220 na 220. Alama zikigoma kabisa kuongezeka, sharti liko nje ya kurudia, limekaguliwa mara moja tu bendera ilipobonyezwa. Mchezo mpya ukianza na alama za zamani, hakuna aliyeweka alama ziwe 0 mwanzoni. Tengeneza faili tatu zenye hitilafu hizo makusudi na uwape watafute. Kwa maoni yangu, kipindi kimoja cha kutafuta hitilafu kinazidi vitatu vya kunakili.

Wakae wawili wawili kwa kompyuta, hata kama zinatosha. Mmoja ashike kipanya, mwenzake aseme cha kufanya, wabadilishane kila dakika 10 kwa kutazama saa, la sivyo mwepesi atashika muda wote. Na wewe usiguse kipanya chao kamwe. Elekeza kwa kidole na kwa swali.

Walio chini ya miaka 7 wape ScratchJr, programu kama Scratch yenye bloku za picha, haihitaji kusoma. Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa kuchapa, isubiri mpaka wachape bila kutafuta herufi moja moja, maana kipindi huishia kwenye kusaka nukta pacha na mabano.

Intaneti ikisumbua, sakinisha programu ya Scratch ya nje ya mtandao. Anayetumia kivinjari bila akaunti lazima ahifadhi faili kwenye kompyuta kabla ya kufunga, kwa jina la jozi na tarehe. Tenga dakika 5 za mwisho kwa hilo tu.