Fyuzi ya taa inaungua kila nikipakia mzigo

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina Probox nabebea zabibu toka Hombolo naleta mjini. Fyuzi ya taa ndogo inaungua, ile nyekundu ya 10, nikibadilisha inakaa siku moja mbili inaungua tena, taa za nyuma zinazima, ya pleti namba inazima, hata mwanga wa dashibodi unapotea. Fundi akaniwekea ya 20 nayo ikaungua, akaweka ya 30 ile ya kijani akasema hii haikusumbui tena, na kweli haijaungua ila jana usiku nimesikia harufu ya plastiki inayoungua. Kingine, wiki ambayo sikuwa na mzigo fyuzi ilikaa vizuri tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kabla hujaendelea kusoma nenda katoe hiyo fyuzi ya 30, na usitembee usiku mpaka umalize hili tatizo. Hiyo harufu ni waya wako unaungua. Globu ya taa ndogo ni wati 5, hesabu za nyuma mbili, za mbele mbili, ya pleti, weka na za dashibodi, tuseme wati 30, gawa kwa volti 12 unapata ampia 2 na nusu, sasa fyuzi ya 10 inabeba hizo mara nne na bado inaungua, kwa hiyo sio kwamba ni ndogo, kuna waya wa chanya umechubuka unagusa bodi, yaani shoti. Ukiweka ya 30 shoti ipo palepale, ila sasa waya ndo unaanza kuungua badala ya fyuzi, na huo waya umepita chini ya kapeti. Mimi hii tabia ya kupandisha fyuzi inaniuma sana maana gari inaweza kuwaka moto na watu wamo ndani.

Sasa lile neno lako la mwisho ndo limenipa picha. Bila mzigo haiungui, ukipakia inaungua, na ukipakia unafungua mlango wa nyuma. Waya wa taa ya pleti unapita juu pale kwenye bawaba, ndani ya ule mpira mweusi wenye mikunjo, kila ukifungua na kufunga unajikunja, miaka ikienda ngozi ya waya inapasuka na shaba inagusa bati. Anzia hapo. Vuta mpira taratibu upande mmoja utoke kwenye bodi, chungulia ndani, mara nyingi utakuta waya zaidi ya mmoja umepasuka.

Usiendelee kuunguza fyuzi kutafuta shoti. Chukua globu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, chomeka kwenye tundu za fyuzi mahali pa ile ya 10. Toa globu zote za taa ndogo, alafu washa swichi ya taa. Hiyo globu ikiwaka kwa nguvu kabisa shoti bado ipo kwenye waya, ikizima au ikawa hafifu tu kwa ajili ya dashibodi basi kwa wakati huo hakuna shoti. Mwambie mtu aiangalie wewe fungua na funga mlango wa nyuma, tikisa ule mpira, pale itakaporuka na kuwaka kali umeshampata adui.

Kata kipande kilichochoka chote, weka waya mpya laini wa nyuzi nyingi wa gari, usiweke wa umeme wa nyumba ule mgumu, utakatika tena. Maungio yakae nje ya sehemu inayojikunja na yasipangane pamoja, yachomelee kwa risasi ya solda, vika mpira wa kubana kwa moto. Tepu peke yake kwa jua letu hili gundi inayeyuka inaachia. Alafu rudisha fyuzi ya 10, na kagua waya wote toka kwenye fyuzi kwenda nyuma kama kuna palipoyeyuka na ile ya 30.

Ukikuta mpira uko salama angalia holda za taa za nyuma kama zina kutu, na waya wa mwanga wa redio kama imewahi kubadilishwa ukaachwa wazi. Panya nao wapo, hasa gari ikilala jirani na stoo ya mahindi.

SWALI: Niko Kondoa. Nikichomeka inveta ya wati 300 kwenye tundu la kiberiti, nikawasha tivii na spika, fyuzi ya 15 inakufa. Shoti iko wapi?

JIBU: Hakuna shoti kaka. Wati 300 kwa volti 12 ni ampia 25, hilo tundu haliwezi. Vuta waya mnene moja kwa moja toka kwenye betri, na fyuzi yake ya 30 iwe karibu kabisa na temino ya chanya.